Usonji na mengine yanayoambatana nao: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yameokotwa pale wazazi wanapokutana: kwenye benchi la kliniki, getini shuleni, na kwenye kundi la WhatsApp usiku mtoto akiwa bado macho. Anayejibu ni mzazi wa kijana mwenye usonji, Dar es Salaam, si daktari. Kwa hiyo habari ya dawa na dozi za mwanao malizana na anayemtibu. Jambo moja utaliona likijirudia, na ni makusudi: usonji wenyewe hauna dawa, lakini mengi yanayomnyima mtoto raha si usonji. Ni mambo mengine yaliyokuja pamoja nao, na hayo mara nyingi yanatibika.

Usonji ni nini hasa?

Ni namna tofauti ya ubongo kukua. Inaanza mapema mno, kwa kiasi kikubwa kabla mtoto hajazaliwa, na mtu huishi nayo mpaka uzeeni. Madaktari wanatafuta mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ni mawasiliano na kuhusiana na watu: kuitika jina, kutazamana, kuonyesha kitu kwa kidole, kupokezana maneno au hata vicheko, kusoma sura ya mtu aliyekasirika. La pili ni kurudiarudia na kushikilia: kupepea mikono, kupanga vizibo vya soda mstari mmoja, kutaka njia ileile ya kwenda kwa bibi, kuzama kwenye jambo moja tu. Humo humo zimo hisi ambazo ama ni kali kupita kiasi ama ziko chini mno. Mmoja anaziba masikio blenda ikiwashwa chumba cha tatu. Mwingine anaungua kwa pasi na halii.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 alikuwa na usonji. Marekani, kwa watoto wa miaka 8 waliofuatiliwa mwaka 2022 katika maeneo maalumu, ilikuwa 1 kati ya 31. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo inatokana na nani anatafutwa na kwa bidii gani. Kwetu wengi hawajahesabiwa, na wanaitwa majina mengine: bubu, mtukutu, zezeta, mtoto wa mizimu.

Mwanangu ana miaka miwili haongei. Wakwe wanasema hata baba yake alichelewa. Nisubiri?

Usisubiri. Wapo watoto wanaochelewa kuongea kisha wakafika, hilo ni kweli. Lakini anayechelewa tu kwa kawaida anawasiliana kwa njia nyingine: anakuvuta na kukutazama, anaonyesha ndege angani ili na wewe uone, anaitika akiitwa, anaiga unavyofagia. Mtoto asiyeongea na pia hafanyi hayo anahitaji kuonwa sasa. Na aliyekuwa na maneno, kisha yakapotea, asisubirishwe kabisa, awe na umri wowote.

Cha kwanza kabisa ni kupima masikio. Wapo watoto walioitwa wana usonji kumbe hawasikii, na wapo wenye vyote viwili. "Anasikia huyo, katuni ikianza anakuja mbio" si kipimo, maana huenda anasikia sauti za chini na kukosa za juu, au anafuata mwanga wa skrini.

Kuna kipimo cha damu au picha ya kichwa kinachoonyesha usonji?

Hakuna. Ukiuziwa "kipimo cha usonji" cha damu, nywele au mkojo, hifadhi pesa yako. MRI na kipimo cha umeme wa ubongo, EEG, vinaagizwa pale daktari anaposhuku jambo jingine, kama kifafa. Usonji wenyewe unatambuliwa kwa kumwangalia mtoto akicheza na kuwahoji kwa kina wanaoishi naye.

Zipo dodoso za kuchuja. Inayojulikana zaidi ni M-CHAT, maswali 20 kwa watoto wa miezi 16 hadi 30. Majibu yake yanasema "huyu aangaliwe zaidi" au "kwa sasa hakuna dalili kubwa", basi. Mtu asitoke nayo mtandaoni akatangaza matokeo kwenye kikao cha ukoo.

Nianzie wapi, na nani ana mamlaka ya kuthibitisha?

Kwa Tanzania, anza na kituo kilicho karibu, uombe rufaa ya daktari wa watoto au wa afya ya akili. Hospitali za rufaa kama Muhimbili, KCMC na Bugando ndizo zenye wataalamu wa aina kadhaa kwa pamoja. Kenya, pamoja na hospitali, kuna ofisi za tathmini ya kielimu zinazojulikana kwa jina la EARC. Zilianza mwaka 1984, na zinamtathmini mtoto na kushauri aende shule gani. Ipo pia Taasisi ya Elimu Maalumu, KISE, kule Kasarani.

Ukienda, usiende mikono mitupu. Beba kadi ya kliniki tangu alipozaliwa, na video fupi za simu: akila, akicheza peke yake, akiitwa jina, akiwa amekasirika, na kile kitendo kinachokutia wasiwasi. Mtoto akifika kwa daktari aidha analala, aidha anafanya lile ambalo hajawahi kulifanya nyumbani, na dakika chache za foleni zimekwisha. Video inakusemea. Andika pia dawa zote, zikiwamo za mitishamba. Daktari hakugombezi kwa ukweli, na akikugombeza bado ameupata.

Cheti kimeandikwa "usonji kiwango cha pili". Akifikia cha tatu ndiyo kuzidiwa?

Hapana. Viwango hivyo vitatu vinasema mtu anahitaji msaada kiasi gani wakati ule: wa kwanza anahitaji msaada, wa pili msaada mkubwa, wa tatu mkubwa sana. Vinaweza kubadilika kadiri anavyokua na kujifunza, na mtu mmoja anaweza kuhitaji kidogo darasani na sana sokoni. Jina "Asperger", ambalo bado linasikika, liliondolewa kwenye mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 2013 na likaingizwa ndani ya usonji. Mwongozo wa dunia ulioanza kutumika Januari 2022 umefanya vivyo hivyo.

Umesababishwa na nini? Chanjo? Simu? Kuna anayesema nimerogwa.

Kwa sehemu kubwa ni urithi wa vinasaba: vingi, vidogovidogo, vinavyoungana kwa namna ambayo hata ndugu wa tumbo moja hawafanani. Umri mkubwa wa wazazi, kuzaliwa njiti sana na baadhi ya dawa wakati wa ujauzito huongeza uwezekano.

Chanjo haihusiki. Habari ile ilitokana na andiko la daktari mmoja wa Uingereza, Andrew Wakefield, mwaka 1998, lililohusu watoto 12. Jarida lilifuta andiko hilo mwaka 2010, na mwaka huohuo akafutiwa usajili wa udaktari. Denmark waliwafuatilia watoto 657,461 na mwaka 2019 wakaeleza kwamba waliochanjwa surua hawakupata usonji zaidi ya wasiochanjwa. Surua yenyewe inaua. Inatia uchungu kuona mama wa Temeke anamnyima mwanawe sindano kwa sababu ya uongo uliokwisha kufutwa London.

Simu na katuni hazizai usonji. Kinachotokea ni kwamba mtoto ambaye tayari ni mgumu wa kuzungumza anakabidhiwa simu siku nzima, na zile saa alizopaswa kupokezana maneno na mtu zinapotea.

Kuhusu kurogwa, jini, au mama kuwa alifanya jambo fulani akiwa mjamzito: kumlaumu mama hakukuanza kwetu. Katika miaka ya 1950 na 1960 mabingwa wa Ulaya na Marekani waliandika bila haya kwamba usonji unatokana na akina mama wasio na upendo. Walikosea, na waliwaumiza wanawake wengi. Dua na maombi ni haki ya kila mzazi na yanampa nguvu ya kuamka kesho. Ila atakayesema mtoto achanjwe chale, afungwe kamba, afukizwe au apigwe ili kitu kimtoke, huyo muage hapohapo.

Ni kweli wote wana kipaji cha ajabu? Au wote wana akili ndogo?

Vyote viwili ni hadithi. Marekani, katika ufuatiliaji uleule wa watoto wa miaka 8, karibu wanne kati ya kumi waliopimwa walikuwa pia na ulemavu wa akili. Waliobaki wapo wa kawaida na wapo wenye akili kali. Tahadhari moja: mtoto asiyeongea akipewa mtihani wa kuongea atafeli hata kama anaelewa. Na wasichana mara nyingi hawatambuliwi kabisa. Akikaa kimya na kuwaiga wenzake, anasifiwa kuwa mpole, hana makuu, mpaka sekondari anapoporomoka ghafla na hakuna anayejua kisa.

Ni hali zipi zinazoambatana na usonji?

Hapa ndipo watu wengi hatupewi maelezo ya kutosha, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kifafa kinatangulia. Kinawapata wenye usonji mara nyingi zaidi kuliko watu wengine, hasa wenye ulemavu wa akili pia, na kina vipindi viwili vya kujitokeza: utotoni, na tena wakati wa balehe. Si kila kifafa ni kuanguka na kutoka povu. Kuna kukodoa macho sekunde chache na kutoitikia, kuna kichwa kudondoka ghafla, kuna kutafuna hewa. Mwalimu atasema "anaota mchana". Pwani, mtoto akikakamaa, wazee waliamini ni ndege wa degedege amepita juu ya nyumba, na kwamba akichomwa sindano atakufa; kwa imani hiyo wengi wamefikishwa hospitali wakiwa wamechelewa. Akishikwa, mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu yake, tazama saa, usimtie kijiko wala maji mdomoni. Zikizidi dakika tano, au akishikwa tena kabla hajapata fahamu, ni gari na hospitali. Mate yake hayaambukizi, mfute tu.

Usingizi ni kilio cha pili. Kabla ya kuomba dawa, angalia mambo matatu. Anakunywa chai ya rangi au kola jioni? Anashika simu kitandani? Anakoroma na kulala mdomo wazi? Huyo wa tatu huenda ana nyama za puani, na zikishughulikiwa nyumba nzima inalala. Kila usiku mpangilio uwe mmoja: kuoga, nguo ileile, taa kuzimwa. Melatonini inasaidia baadhi ya watoto, lakini dozi yake itoke kwa daktari. Kumpa mtoto dawa ya mafua ili asinzie ni hatari.

Tumbo. Choo kigumu ni kitu cha kawaida mno kwa watoto hawa, kwa sababu ya kula aina chache za chakula, kuogopa choo chenyewe, au kutosikia mwili unapoita. Sasa sikiliza hili: kinyesi kikikwama kwa muda, kile chepesi hupenya pembeni na kuvuja kwenye chupi. Mzazi anaona kuharisha, ananunua dawa ya kufunga tumbo, na anazidisha tatizo. Mguse tumbo. Hesabu siku. Mwambie daktari neno "kukwama" hata kama wewe unaona uji.

Kushindwa kutulia na kuzingatia, ambako wengi wanakujua kwa herufi ADHD, kunaweza kuishi pamoja na usonji. Kabla ya 2013 mwongozo wa Marekani ulikataza kumwandikia mtu mmoja vyote viwili, ndiyo maana bado utakutana na mtaalamu wa zamani anayekulazimisha uchague kimoja.

Wasiwasi na sonona hujificha. Mtoto anayeuliza "kesho tunaenda shule?" mara thelathini hakusumbui kwa makusudi, anaomba uhakika. Picha ya ratiba ukutani, shule kisha chakula kisha bafu, humjibu kuliko maneno yako. Kijana mkubwa aliyeacha hata yale aliyoyapenda, asiyekula na asiyetoka chumbani, asiachwe kwa kuambiwa ndivyo alivyo.

Mwisho, kula visivyoliwa: udongo, chokaa, rangi iliyobanduka ukutani, sabuni. Kwa kuwa udongo unauzwa sokoni na wajawazito wanaununua, hakuna anayeshtuka. Mpeleke apimwe wekundu wa damu na minyoo, na kama anabandua rangi za zamani au anachezea betri, taja hilo waziwazi kwa sababu ya madini ya risasi yanayoweza kuwamo, nayo ni sumu.

Alikuwa mtulivu. Sasa anajipiga na kung'ata mikono. Usonji umezidi?

Swali hili ndilo linaloniuma kuliko yote, kwa sababu jibu la mtaani, na wakati mwingine la kliniki, ni "ndiyo usonji wake". Tabia ikibadilika ghafla, anza na maumivu.

Kijana mmoja wa jirani, miaka tisa, haongei, alianza kujichapa shavu la kushoto kwa kiganja, asubuhi na jioni, akaikataa hata chapati aliyokuwa akiililia. Kila aliyeulizwa alisema anakua, usonji unakua naye. Shangazi yake ndiye aliyeona kwamba akinywa maji ya friji anaruka na kushika taya. Wakamfungua mdomo kwa tochi ya simu: jino la nyuma lina shimo jeusi, ufizi umevimba. Liling'olewa akiwa amelazwa usingizi, na kabla ya wiki kwisha mikono ikatulia.

Kwa hiyo kagua kutoka juu kwenda chini: masikio, pua (punje ya mahindi inaweza kukaa humo mpaka inuke), meno, koo, tumbo, mkojo, ngozi chini ya nguo, vidole ndani ya viatu. Kwa msichana, hesabu tarehe za hedhi. Kisha angalia dawa: ameanzishiwa mpya, au ile ya zamani imekatika kwa sababu duka liliishiwa? Fenobabitoni, dawa ya kifafa ya bei nafuu inayopatikana kila mahali, huwafanya baadhi ya watoto wawe wakali na wasiotulia, na daktari anaweza kuibadilisha taratibu. Halafu angalia nyumba: dada wa kazi ameondoka, kitanda kimehamishwa, kuna ujenzi jirani. Na uliza, hata kama swali lenyewe linatisha, kama kuna mtu anamuumiza.

Ukishapita kote huko na hujapata kitu, ndipo uanze kuzungumzia tabia.

Dawa ya usonji ni ipi?

Hakuna. Risperidoni na aripiprazoli hutolewa kupunguza ukali na kujiumiza pale mambo mengine yameshindikana, na zinahitaji kufuatiliwa kwa sababu huongeza njaa na uzito na huleta usingizi. Zinazosaidia kwa muda mrefu ni tiba ya matamshi na lugha, tiba kazi (kumfundisha shughuli za kila siku kama kuvaa na kula), mafunzo kwa wazazi na shule inayomwelewa. Shirika la Afya Duniani lina mafunzo ya stadi kwa walezi wa watoto wa miaka miwili hadi tisa, yaliyotengenezwa kwa kufikiria sehemu zenye wataalamu wachache. Ulizia kama kuna wanaoyatoa mkoani kwako.

Utauziwa mengi: maziwa ya ngamia, seli shina nje ya nchi, virutubisho vya kopo la bei ya kodi ya miezi miwili. Maziwa ya ngamia ni chakula, mpe akiyapenda. Lakini dawa za "kutoa sumu mwilini" zimeua mtoto, na yale matone yanayosifiwa mtandaoni kama "madini ya ajabu" ni kemikali ya kupaushia nguo. Hayo si ya kujaribu.

Anakula wali mweupe na chipsi tu. Nimwache na njaa mpaka azoee?

Usifanye hivyo. Mtoto wa kawaida njaa itamshinda, huyu anaweza kukaa mpaka augue. Kwake mchuzi uliogusa wali umekiharibu chakula chote. Weka kitu kipya kwenye sahani nyingine, pembeni, asilazimishwe hata kukigusa. Wiki ijayo akinuse. Mabadiliko yawe madogo: chipsi za viazi, kisha viazi vitamu vilivyokatwa vilevile. Anayeishi kwa maziwa karibu peke yake apimwe damu, maana wekundu hushuka polepole bila kelele.

Nyumbani tunaongea Kiswahili na Kihaya, na katuni zimemfundisha Kiingereza. Tumeambiwa tubaki na lugha moja.

Tafiti hazijaonyesha kwamba lugha mbili zinamchelewesha mtoto mwenye usonji. Ongea naye lugha unayoongea kwa moyo, ile unayotania na kubembeleza nayo. Kumwachia Kiingereza cha kuunga unga kwa sababu "ndicho anachokipenda" kunamtenga na bibi, na wenzake wa mtaani, na hata muuza duka.

Kama haongei, mpe njia nyingine: picha za maji, choo, chakula, "nimechoka", zilizolaminishwa, zikatobolewa na kufungwa kwa pete moja. Picha hazimfanyi mvivu wa kuongea. Zinampunguzia sababu za kupiga kelele.

Shule imemkataa. Nifanye nini?

Tanzania, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa haki ya kusoma. Nenda na barua kwa afisa elimu maalumu wa halmashauri, umuulize shule za msingi zenye kitengo cha watoto wenye usonji au ulemavu wa akili. Kaulize pia kama mwalimu wa kitengo amesomea, kwa mfano Chuo cha Ualimu Patandi, Arusha, kinachofundisha elimu maalumu. Kenya, mtaala wa sasa una njia ya hatua kwa hatua kwa wanafunzi wasioweza kufuata madarasa ya kawaida, na tathmini ya EARC ndiyo mlango wake.

Anayeweza darasa la kawaida apewe mambo madogo: kiti mbali na dirisha la barabarani, maelekezo mafupi, ruhusa ya kutoka kidogo kelele ikizidi. Na fimbo isiwepo. Hakuna mtoto aliyechapwa akatoka usonji.

Akianza kulia kwenye daladala, watu wananiambia sijamfunza adabu.

Mtoto anayetaka pipi huangalia kama unamtazama, na akipewa ananyamaza. Mtoto aliyezidiwa na honi, muziki, joto na viwiko vya watu hajali nani anamtazama, na hata ukimpa pipi haoni. Wa pili hafundishwi adabu pale, anatolewa penye kelele. Shuka kituo kinachofuata kama unaweza. Panda saa zisizo na msongamano, kaa dirishani, beba vifaa vya kuziba masikio na kitu anachokipenda mkononi. Maneno matatu yanatosha kwa abiria: "Ana usonji, samahani." Si lazima, lakini utashangaa konda anavyozima redio.

Anatoroka. Nimlinde vipi?

Wengi wanapotoroka huelekea kwenye maji, na kuzama ni chanzo kikubwa cha vifo vya watoto hawa. Funika kisima na pipa, weka komeo la juu, na mfundishe kuogelea ukipata nafasi. Shona namba yako ya simu ndani ya nguo. Mtambulishe, kwa picha na kwa jina, kwa mwenye duka, kwa vijana wa bodaboda wa kijiweni na kwa mwenyekiti wa mtaa. Bodaboda ndio watakaomwona kwanza.

Binti yetu anakaribia kuvunja ungo. Ataelewa?

Ataelewa kama mtaanza mapema na kwa vitendo. Avae pedi kabla ya siku yenyewe ili azoee, aonyeshwe kwa rangi nyekundu, apewe picha za hatua. Mfundishe, yeye na wa kiume, majina halisi ya viungo, nani anaruhusiwa kumwogesha, na namna ya kukataa. Watoto wenye ulemavu hufanyiwa ukatili zaidi ya wengine, na anayewafanyia mara nyingi ni mtu anayejulikana nyumbani. Mtoto aliyefundishwa kutii kila mkubwa bila swali yuko hatarini zaidi, hata kama wageni wanamsifia.

Nina miaka 34, nimesoma kuhusu usonji nikajiona mimi. Nikapimwe?

Kama maisha yanakutatiza, ndiyo, kwa daktari wa afya ya akili. Nenda na mama au ndugu anayekumbuka utoto wako, au ripoti za shule ya msingi zenye maneno ya mwalimu. Huenda ukakutwa na usonji, huenda ADHD, huenda wasiwasi, huenda vyote. Vijaribio vya mtandaoni vinakupa sababu ya kwenda, havikupi jibu. Na kama umekuja kwa sababu ya kukata tamaa ya kuishi, hilo liseme mwanzo kabisa, kabla ya habari ya usonji.

Tukizaa mwingine, naye atakuwa nao?

Uwezekano upo: kwa familia ambazo tayari zina mtoto mmoja mwenye usonji, takriban mmoja kati ya watano wa wadogo zake hukutwa nao pia. Kwa hiyo mdogo mtu aangaliwe mapema, masikio na maendeleo, bila kungoja dalili zimjae. Na kama mama mwenyewe ana kifafa na anatumia valproeti, aonane na daktari kabla ya kubeba mimba, kwa kuwa dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto tumboni na inaongeza uwezekano wa usonji. Asiikatishe mwenyewe. Kifafa kikiachwa ghafla bila dawa kinaweza kuua mama na mimba, na zipo dawa nyingine za kuhamia kwa utaratibu.